Hodi ya Tatu

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo nawaomba wasomaji wasijisumbue kuitafuta, na viongozi wasijisumbue kukasirika. Inaitwa Usubirini. Wenyeji wake ni Wasubiri, watu wapole, wepesi wa kupanga foleni hata pale ambapo hakuna kinachogawiwa. Mimi, Kombo, nilikuwa mtumishi wa serikali ya nchi hiyo katika cheo ambacho hakikuwahi kuwapo duniani kabla yangu. Nilikuwa Mwitikiaji wa Taifa. Kazi yenyewe nitaieleza, ila mnivumilie nikirukaruka, maana tangu mambo haya yatokee siwezi kukaa kitako mahali pamoja. Hata sasa naandika nimesimama.

Zamani Wang'ambo walikuwa wakiingia katika zahanati zetu bila hodi. Hao ni watu wa ng'ambo, wale waliowahi kututawala na ambao, walipoacha kututawala, walianza kututibu. Walikuja na magari meupe, wakapima vichwa vya watoto, wakawachoma akina mama vidole, wakachukua damu wakaondoka nayo. Damu ile ilikwenda shule. Ilisoma, ikaandikiwa vitabu, ikapata uprofesa. Sisi tulibaki na pamba. Maradhi ya kutibiwa waliyachagua wao. Kuna mwaka walichagua macho, na sisi tulikuwa tunakufa kwa kuhara. Wakatugawia miwani, na kwa kweli tulijiona vizuri zaidi tulivyokuwa tukiharisha.

Kisha ikagunduliwa kwamba huo ni ukoloni. Iligunduliwa hukohuko ng'ambo. Sisi tulikuwa tukilisema jambo hilo kwenye foleni kila siku, lakini kusema si kugundua. Wang'ambo walisikitika, na nawapa haki yao, walisikitika kwa dhati. Wapo waliolia mbele ya kamera wakakataa kupanguswa. Wakaitisha mkutano mkubwa wa kuamua kwamba mambo ya afya yetu yasiamuliwe tena ng'ambo. Mkutano ulifanyika ng'ambo.

*

Aliyetuwakilisha ni Waziri wetu wa Afya, Mheshimiwa Daktari Lufingo. Waziri alikuwa na daktari wa moyo ng'ambo, daktari wa meno ng'ambo na daktari wa kucha ng'ambo. Afya yake yote ilikuwa imeshahamia huko, yeye ndiye aliyekuwa akirudi nyumbani kwa ajili ya sherehe. Ndani ya mkoba wake tulimtilia madai ya wananchi: tuchague wenyewe maradhi ya kuanzia, dawa zipikwe kwetu, na damu yetu isisafiri bila sisi.

Asubuhi ya mkutano Waziri alipitia kwanza kwa daktari wa meno. Alitoka kule amechelewa, nusu ya mdomo imekufa ganzi, na mkoba ameusahau chini ya kile kiti cha kulaza wagonjwa. Akafika ukumbini akakuta mlango umefungwa. Sasa Waziri, pamoja na vyeo vyake, alilelewa na mama. Mdomo wenyewe, kwa ile nusu iliyobaki hai, ukatamka, "Hodi."

Ukumbi mzima uligeuka. Mwenyekiti alikuwa Profesa Agatha Plomsted, mwanamke mrefu, mwenye nywele nyeupe na moyo safi, aliyekwisha kuandika vitabu vingi kuhusu sisi na wakati huo alikuwa akiandika kingine kuhusu kwa nini hakupaswa kuviandika. Akauliza, "Amesema nini?"

Mkalimani akamweleza kuwa ni neno la kuomba ruhusa kabla ya kuingia kwa watu.

Profesa alivua miwani. "Kumbe ni hilo tu," akasema kwa sauti ya kutetemeka. "Miaka yote hii. Walichotaka ni tuseme hodi."

Makofi yalipigwa mpaka vioo vikalia. Waziri alijaribu kueleza kwamba alikuwa anatafuta kiti, lakini mdomo wenye ganzi ulitoa sauti ya mtu aliyezidiwa na hisia, wakazidi kupiga makofi. Ganzi ilipomtoka mchana, Itifaki ya Hodi ilikuwa imeshapitishwa, na yeye ameshachaguliwa Mwenyekiti Mwenza wa Sekretarieti ya Kung'oa Ukoloni katika Afya. Akaona si uungwana kuwasahihisha watu waliokwisha kufurahi.

*

Itifaki ilisema kwamba kuanzia sasa Mng'ambo yeyote haruhusiwi kuingia katika kituo cha afya cha Usubirini bila kupiga hodi. Atakalofanya akishaingia halikutajwa, kwa kuwa muda ulikwisha.

Wang'ambo walianzisha kozi ya hodi, kozi nzito yenye mtihani wa kuandika na wa kutamka. Somo la kwanza lilikuwa hili: anayepiga hodi ni mgeni, anayesema karibu ndiye mwenye nyumba. Profesa Plomsted alilisoma kwa unyenyekevu, akafaulu kuliko wote, na cheti chake akakitundika juu ya vingine.

Kwa upande wetu ikaonekana kuna hatari. Waziri aliliambia Baraza la Mawaziri, "Ndugu zangu, haifai mambo mazito kama karibu kuachiwa kila mtu. Mgeni anaweza kupiga hodi akaitikiwa na mgonjwa." Ndipo kikaanzishwa cheo cha Mwitikiaji wa Taifa. Mimi nilikuwa mwita majina kwenye dirisha la dawa la hospitali kuu. Nilikuwa na sauti ambayo mtu akiisikia anainuka hata kama si jina lake. Wakanifanyia usaili.

"Sema karibu," alisema Katibu Mkuu.

"Karibu."

"Tena, kama mtu ambaye hana neno jingine la kusema."

"Karibu."

Nikapata kazi. Nilishonewa koti la kijani lenye kishikizo cha dhahabu kooni. Nikasomewa kanuni. Ni marufuku kuitika kwa "subiri kidogo." Ni marufuku kuitika kwa "hayupo." Na iliyokatazwa kwa wino mwekundu ni kuitika kwa "Nani?", kwa sababu mgeni anaweza kudhani tunataka kujua yeye ni nani.

Nikauliza swali moja, nalo nililiuliza kwa nia njema kabisa. Kwetu sisi mtu hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, huondoka zake, hata kama anauona moshi unatoka jikoni. Je, ikitokea wenyeji wamenyamaza?

Katibu Mkuu alipekua Itifaki mbele na nyuma, akaifunga. "Hali hiyo haijatarajiwa," akasema.

*

Basi tukaanza kuzunguka. Ee bwana, tulizunguka. Leo milimani, kesho bondeni, chai tunainywa ndani ya gari, viatu hatuvui. Nilitangulia mimi, nikaingia kituoni, nikasimama nyuma ya mlango. Wang'ambo wakafika, wakapiga hodi kwa lafudhi safi, nikaitika karibu, wakaingia na kufanya yaleyale.

Lakini siwezi kusema hakuna kilichobadilika. Sasa walianza kwa kuomba radhi. Kila mmoja aliomba radhi kwa niaba ya babu yake, chuo chake na gari lake, na wagonjwa walitakiwa kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kuchomwa sindano. Katika kijiji cha Mvumilivu, mzee mmoja mwenye pumu aliinua mkono akasema, "Tumewasamehe, wanangu, tumewasamehe wote. Sasa leteni ile dawa ya kuvuta." Aliambiwa asiharakishe mchakato. Kijiji kingine kiliomba dawa ya malaria, kikapewa semina ya kusikilizwa. Na damu iliendelea kusafiri, tofauti ni kwamba chupa zilibandikwa karatasi yenye neno Asante.

Nami, ili msinione mtu mbaya, nilikuwa naona mambo yanakwenda vizuri. Mtu ukishapewa koti huoni haraka.

*

Mambo yaliharibika pale Profesa Plomsted aliposema, "Nimechoka na mahoteli. Ukoloni hauwezi kung'olewa kutoka hotelini. Sekretarieti ihamie kwa wananchi, mahali penye maumivu halisi."

Watafutaji wa maumivu halisi walitumwa nchi nzima. Walitaka maumivu yenye maji ya bomba, umeme na barabara inayopitika. Wakayapata Tegemea, katika wodi ya wazazi ya kituo cha afya.

Tegemea ni kwetu. Wodi ile haikujengwa na serikali wala na Mng'ambo. Ilijengwa na wanawake kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, na aliyeanza kubeba mchanga ni Semeni, binti wa dada yangu Sikitu. Mtoto wa kwanza wa Semeni alizaliwa juu ya trekta, njiani kuelekea hospitali ya wilaya, akafa kabla trekta halijavuka mto. Hakupata hata jina. Alipopona, Semeni alichukua ndoo akarudi palepale mtoni, akachota mchanga akaupeleka kituoni kichwani. Hakumwambia mtu kitu. Kesho yake wanawake wengine walimfuata na ndoo zao, na hawakuacha mpaka kuta ziliposimama na mabati yakapanda juu. Mkunga, Bi Mashavu, aliomba taa na kabati la dawa kwa kila aliyepita barabarani mpaka akapata.

Na sasa Semeni alikuwa mjamzito tena, mwezi wake umefika.

Nilipopata habari nilikosa usingizi, nikakosa na hamu ya kula. Nilikwenda kwa Waziri.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, Kombo. Sauti haijambo?"

"Sauti haijambo. Ila ile wodi ya Tegemea, mheshimiwa."

"Pazuri pale. Pana upepo."

"Kuna akina mama ndani."

"Ndiyo sababu pamechaguliwa. Tunataka kuwa karibu nao."

"Wao wataenda wapi?"

"Watashirikishwa."

"Nasema kuzaa, mheshimiwa. Watazalia wapi?"

Waziri aliegemea kiti, akaunganisha vidole juu ya tumbo. "Kombo, wewe bado una fikra za kizamani. Kile kitanda cha chuma kilichomo mle kimetoka wapi? Ng'ambo. Kumlaza mwanamke wa Kisubiri juu ya kitanda cha ng'ambo ndio ukoloni wenyewe ninaouzungumzia. Sisi tunaukomboa mgongo wake."

"Na mjukuu wako, mheshimiwa, yule aliyezaliwa juzi kule ng'ambo?"

"Yule alikwenda kutafuta uzoefu," akasema, na uso ukabadilika. "Kombo, kazi yako ni neno moja. Usiliongezee sentensi."

*

Siku ilifika. Bendi ya magereza ilipiga, watoto wa shule walipeperusha vibendera vilivyoandikwa Karibu upande mmoja na Asante upande wa pili ili wasichanganyikiwe. Mimi niko ndani ya wodi, nyuma ya mlango, koti la kijani, kishikizo kooni kinanibana. Kwenye kitanda cha dirishani amelala Semeni, uchungu umemshika tangu alfajiri. Bi Mashavu yuko miguuni kwake. Dada yangu Sikitu amemshika mkono binti yake huku macho yake yako kwangu.

Nje bendi ikanyamaza. Nikasikia viatu vikija.

"Hodi," alisema Profesa Plomsted. Ilikuwa hodi nzuri, siwezi kumdhulumu. Ilikuwa na upole na ilivutwa kidogo mwishoni, kama anayoipiga jirani anayekuja kuomba chumvi.

Nikavuta pumzi.

"Kombo," akasema dada Sikitu, kwa sauti ya chini, "unataka kuitika kwa ruhusa ya nani?"

"Ya serikali, dada."

"Serikali imelala kitanda kipi humu ndani?"

Nikatazama vitanda. Sikuiona.

"Hodi," ikaja ya pili.

Semeni alikuwa ameuma upindo wa khanga. Akautoa mdomoni, akasema, "Mjomba, nakuomba unyamaze." Hakusema zaidi, uchungu ulikuwa umerudi.

Jamani, niliogopa. Jasho likanitiririka ndani ya koti lile. Karibu ilikuwa imeshafika kooni, imezoea njia, inataka kutoka yenyewe. Nikakifungua kile kishikizo cha dhahabu kooni, nikaziba mdomo kwa mkono wangu.

"Hodi," ya tatu.

Palikuwa kimya. Sijawahi kusikia kimya kama kile, wala sijawahi kujivunia kitu nilichokisema kama nilivyojivunia kile nilichokinyamazia.

Nje, sauti ya Profesa ilisema polepole, kwa Kiswahili chake cha kozini, "Hodi tatu. Hakuna jibu. Sasa sisi tunaondoka, siyo?" Na nawaapia, alikuwa amekwisha kugeuka. Nilimwona kwa tundu la ufunguo. Alikuwa amesoma kweli, tena alielewa. Wasaidizi wake walianza kukunja bango.

Ndipo ikasikika sauti nyembamba, ya kubanwa puani, kama ya mwanamke mwenye mafua. "Karibuuni."

Profesa akasimama. "Sauti hiyo imetoka wapi?"

Waziri Lufingo alikuwa nyuma yake, anashusha leso kutoka mdomoni. "Ndani," akasema. "Ndani kabisa. Ndani ya utamaduni."

Yaani aliyewakaribisha kwetu alikuwa nje, upande mmoja na wapiga hodi. Wakaingia.

*

Semeni alihamishiwa barazani akiwa ameshikiliwa mabega. Kitanda kilibaki ndani kama ushahidi wa kihistoria. Alijifungua juu ya mkeka, chini ya bango la Sekretarieti, mtoto wa kike mwenye sauti iliyonizidi hata mimi. Nililia. Mpiga picha alipiga hodi barazani, Waziri akamwitikia, na picha ikatoka kwenye jalada la ripoti ya kwanza ikiwa na maneno Uzazi Huru.

Mimi nilifukuzwa kwa kosa la kutoa kimya bila kibali. Nafasi yangu ikatangazwa, na kwa kuwa ilithibitika kwamba wenyeji hawana uwezo wa kutosha wa kukaribisha, ikachukuliwa na kijana wa ng'ambo aitwaye Torben, aliyekuwa na stashahada ya juu ya karibu. Matamshi yake yalikuwa mazuri.

Wanawake wa Tegemea wakawa wanazalia barazani. Kabati la dawa lilibaki ndani, kwa sababu lilipendeza nyuma ya Profesa alipozungumza na ng'ambo kwenye kompyuta. Likatoka agizo kwamba Itifaki ni ya usawa, haibagui mtu: yeyote anayetaka kuingia, mwenyeji au mgeni, apige hodi na asubiri Mwitikiaji. Bi Mashavu akitaka pamba, hodi. Akitaka uzi wa kufungia kitovu, hodi. Torben alimwitikia kwa adabu kila alipokuwapo, na mara nyingi alikuwa kwenye warsha.

Nilihamia kwa dada Sikitu. Kutwa nilikuwa natembea kutoka uani kwake hadi baraza la wodi na kurudi, sijui natafuta nini. Dada aliniambia nitachimba mfereji.

*

Masika yalipokuja, baraza lilivuja. Mtoto wa Semeni alianza homa asubuhi, na kabla ya adhuhuri mwili ulikuwa unawaka, macho yanageuka juu, mikono inarukaruka. Degedege. Semeni alikuja mbio kwenye mvua, mtoto mgongoni, mimi na Bi Mashavu tukamfuata hadi mlangoni. Dawa tulikuwa tunaijua ilipo. Iko kwenye rafu ya katikati, hatua chache nyuma ya mlango ule.

"Hodi," akasema Semeni.

Ndani mkutano ulikuwa unaendelea na ng'ambo ilikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Tulisikia sauti ya Waziri ikinguruma. "Mabibi na mabwana, mada yetu ya leo ni Kusikiliza. Sauti ya mama ndiyo dira yetu. Hatuwezi kupiga hatua hata moja kabla hatujamsikia mama."

"Hodi."

"Na tunapomsikia mama," akaendelea Waziri, "hatumsikii kwa masikio tu."

Kupitia dirishani nilimwona Torben. Alikuwa amevaa vile vidude vya kusikilizia, anaandika kila neno.

"Hodi," akasema Semeni mara ya tatu, na safari hii sauti yake ilipasuka.

Hakuna aliyeitika. Na hapa nawaambieni ukweli: mimi niligeuka. Nilikuwa mtu wa itifaki. Hodi tatu zikikosa jibu, miguu yangu hujiondokea. Bi Mashavu naye aligeuka. Tulikuwa tumelelewa hivyo wote, ungetuua usingetubadilisha.

Semeni hakugeuka. Aliusukuma mlango kwa bega, akaingia na mvua yake.

Semeni alimfungua mtoto mgongoni akamlaza juu ya meza, katikati ya makaratasi. Bi Mashavu akapata miguu, akapita mbele ya Profesa bila kumtazama, akafungua kabati. Kwenye kioo, mtu mmoja wa ng'ambo alianza kupiga makofi akidhani ni sehemu ya ratiba.

Profesa Plomsted alisema kwa upole, "Lakini binti yangu, hakuna aliyekuitikia."

"Kwangu nimpigie nani hodi?" akasema Semeni. Alikuwa hamtazami. Alikuwa anatazama sindano.

Waziri alifungua mdomo, na nadhani alitaka kusema karibu, kwa mazoea. Akaufunga.

Bi Mashavu alimchoma mtoto, tukasubiri kwa muda ambao sipendi kuukumbuka. Kisha mikono ya mtoto ikalegea, macho yakarudi mahali pake, akaanza kulia kilio cha kawaida cha mtoto aliyechomwa sindano na hakupenda. Semeni alimchukua, akaenda akaketi kwenye kile kitanda cha chuma cha dirishani, kitanda chake, khanga inachuruzika maji sakafuni. Akamnyonyesha. Ndipo akainua uso akaona maprofesa, wakurugenzi na waziri wamesimama kama watu waliopotea njia. Alikuwa mtoto wa watu, mwenye adabu.

"Karibuni," akawaambia. "Kaeni."

Nilimwona Profesa Plomsted akibadilika rangi. Lilikuwa somo la kwanza la kozi, na yeye alilifaulu kuliko wote. Alikunja makaratasi yake polepole, akatafuta kiti kilicho karibu na mlango, akakaa ukingoni, jinsi anavyokaa mgeni asiyejua kama ataambiwa abaki.

*

Mtoto alipona. Wanawake waliokuwa barazani waliingia siku ileile na mikeka yao, na hawajatoka. Hakuna aliyewatoa, kwa sababu Itifaki inaeleza namna ya kuingia tu.

Profesa bado anakuja. Anapiga hodi, akiitikiwa anaingia, asipoitikiwa anakaa barazani na kuandika kitabu. Juzi Bi Mashavu alimuuliza kama anaweza kubeba maji. Anabeba. Anamwaga nusu njiani, lakini anabeba. Damu haijaacha kusafiri, wala dawa hazijaanza kupikwa kwetu. Ule mkoba, nasikia, bado uko kwa daktari wa meno.

Waziri alikaa mjini mpaka mvua zilipokatika. Jana akaja na gari lake jeupe na hotuba mfukoni, akaukuta mlango umefungwa kwa ndani. Mimi nilikuwa barazani, nakwenda nikirudi. Akajisafisha koo.

"Hodi."

"Nani?" likaja jibu. Lilikuwa la dada yangu Sikitu.

Waziri alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Aliangalia huku na huku. "Ni mimi," akasema.

"Wewe nani?"

"Waziri wa Afya."

"Nani?"

"Mwenyekiti Mwenza. Daktari Lufingo. Mwakilishi wenu."

Tuliwasikia ndani wakiulizana, sauti baada ya sauti, kitanda hadi kitanda, kama kuna anayemfahamu mtu huyo. Kisha dada akarudi mlangoni. "Humu hakuna anayekujua, baba. Hebu sema vizuri. Nani?"

Jasho lilikuwa linamtoka. Akanigeukia mimi, kwa mara ya kwanza akashusha sauti. "Kombo, wewe ndiye mtaalamu wa mambo haya. Niwajibu nini?"

Nikamwambia hali hiyo haijatarajiwa.